Moto Usiopita Mlangoni

Watu wote walimsihi Babu Geti akubali kwamba alisinzia. Wakili alimsihi, mkuu wa kituo alimsihi, hata binti yake alimsihi huku akilia kwenye nondo za mahabusu. Neno moja tu, "nilisinzia," na kesi ingepata pa kupumulia: mtu angeweza kupita, kumchomolea ufunguo kiunoni, kuwasha moto na kuurudisha ufunguo. Lakini Babu Geti aligoma kama punda aliyefikishwa mtoni. Alikuwa mlinzi wa kiwanda cha magodoro tangu nywele zake zingali nyeusi, na fahari yake duniani ilikuwa moja: katika nyumba iliyojaa magodoro mpaka darini, yeye hakuwahi kufumba jicho akiwa kazini.

"Ghala lilifungwa," alisema kila alipoulizwa. "Ufunguo nilikuwa nao mimi. Hakuna aliyeingia. Na sikulala."

Ikabaki hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Ghala limefungwa, ufunguo ni mmoja, mwenye ufunguo yuko macho, na ghala limeungua kwa ndani. Kesho asubuhi mzee angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuchoma mali ya tajiri wake, na kwa umri aliokuwa nao, kifungo cha kosa lile angekimalizia kaburini.

Ndiyo maana siku ile Mama Pole alikuja kiwandani mwenyewe.

Mama Pole alikuwa inspekta wa upelelezi, mwanamke mnene wa viatu vya kamba na miwani iliyoning'inia kifuani. Jina lile alipewa na wahalifu, kwa kuwa hakuwahi kumtia mtu pingu bila kumpa pole kwanza. Walikuwa wakiambizana: akikupa mkono shukuru Mungu, akikupa pole tafuta wakili. Nyuma yake alimfuata Koplo, jitu refu lenye kipaji cha kulala limesimama, na katikati yao Babu Geti mwenye pingu, aliyeletwa aonyeshe alipokuwa siku ya moto.

Meneja aliwapokea langoni. Alikuwa kijana mwembamba, manukato yake yalifika kabla yake. Akawaandikia karatasi ya ruhusa ya kuingia, kwa wino wa kijani.

"Kijani?" Mama Pole akauliza.

"Rangi yangu hiyo, Afande. Humu ndani hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitumia. Nikiona kijani, najua ni mkono wangu."

"Vizuri, mwanangu. Kila jogoo na upanga wake." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba.

Kibanda cha mlinzi kilikuwa na birika, jiko la mkaa na kiti cha mbao kilichorundikiwa vipande vya sponji. Meneja akalinyooshea jiko kidole kama mtu anayemtambulisha mwizi.

"Moto huo hapo. Sasa mnatafuta nini kingine?"

"Huo ni moto wa chai," Babu Geti akasema. "Ungekuwa unachoma maghala, wewe ungeungua zamani, maana kila asubuhi unakuja kuniomba kikombe."

Koplo akacheka, kisha akakumbuka kwamba yuko kazini. "Afande, mimi bado nashikilia wale washindani wao. Lile lori la kiwanda kingine lililoegeshwa barabarani siku ile ya moto."

"Si nilikutuma umhoji dereva?"

"Nilimhoji. Gari lilikufa. Kashinda chini ya injini mpaka usiku, na fundi wake, na mwenye duka anayewakopesha soda."

"Basi acha kulishikilia lori la watu, litakuchafua mikono. Twende tukaangalie ghala."

Ghala lilikuwa limebaki mifupa. Mama Pole akavaa miwani. Kufuli lilikuwa bado limefungwa kwenye komeo lake; watu wa zimamoto walikuwa wamekata bawaba za mlango. Madirisha yalikuwa juu sana, yana wavu wa chuma, na wavu haukuwa na tundu la kupitisha hata ngumi. Akaingia, akatembea taratibu akiangalia sakafu kama mwanamke aliyedondosha hereni. Karibu na mlango saruji ilikuwa nyeusi kwa moshi tu. Chini ya madirisha vilevile. Lakini katikati kabisa ilikuwa imepasuka na kubanduka kama ukoko wa chungu.

"Hapa pamewaka kuliko kote," akasema. "Hapa palikaa nini?"

"Mkate wa siku ile," Meneja akajibu. "Tunauita mkate, lakini ni donge la sponji, kubwa kama chumba. Tuliumimina asubuhi, tukauingiza hapa upoe, tukafunga, watu wakaenda mapumziko."

"Na hapa mlangoni?"

"Makaratasi. Mifuko. Vitambaa chakavu."

Mama Pole akageuka. "Koplo, wewe ungetaka kuchoma ghala hili, ungeanzia wapi?"

"Hapa kwenye makaratasi, Afande. Kiberiti kimoja, natoka mbio."

"Hata wewe," akasema Mama Pole, na Koplo hakujua kama amesifiwa au ametukanwa. "Basi huyu mchomaji wetu ni mtu wa ajabu. Kayaacha makaratasi mlangoni, kapenya mpaka katikati, kawasha moto kwenye kitu kikubwa kama chumba, kisha katoka na kufunga kufuli. Wazimu haujafika huko."

"Wazee wana mambo yao," akasema Meneja.

"Tunayo," akajibu Babu Geti. "Moja ni kujua kufunga mlango."

Waliporudi kibandani, Koplo, ambaye miguu yake haikupenda kumbeba, alijitupa juu ya kiti cha mlinzi. Sponji zikalala chali. Makalio yake yakagonga mbao, naye akaruka na kelele.

"Babu! Huu mto umekufa!"

"Sijakukaribisha," mzee akasema. "Na haujafa wote, umekufa wa juu tu. Binti yangu anashona foronya za magodoro kule ndani, kila wanapokata mikate ananiletea kipande cha katikati kilichobaki. Zamani kipande kimoja kilinikaa mwaka. Siku hizi cha leo kesho kimelala kama chapati. Basi naongeza kingine juu, naongeza kingine juu."

Mama Pole akamsogeza Koplo kwa kiwiko, akapiga goti mbele ya kiti kile kama anayeomba dua. Akaanza kufunua tabaka moja moja. La chini kabisa lilikuwa jeupe, gumu, ukilibonyeza linarudisha mkono wako na salamu. Lililofuata lilikuwa jeupe la maziwa. Lililofuata, la siagi. Juu yake lilikaa lenye rangi ya chai ya maziwa, na la juu kabisa lilikuwa kahawia, linapukutika vidoleni kama keki kavu.

"Meneja, mwanangu. Hii rangi ni nini?"

"Uzee, Afande. Jua, vumbi."

"Uzee." Mama Pole akakitazama kile kiti kwa muda. "Basi huu ni uzee wa maajabu. Cha zamani ndicho kijana, na cha juzi ndicho kizee. Nyumbani kwetu watu wanazeeka kwa kwenda mbele."

Akaomba mfuko, akavipanga vipande vile kwa taratibu yake, na kumkabidhi Koplo. "Huyu ni shahidi. Usimlalie."

Kisha akasema anataka kuona mkate unavyopikwa.

Meneja akataja shughuli nyingi na ugeni wa kesho. Mama Pole akamsikiliza mpaka akaishiwa, kisha akauliza njia ni ipi.

Ukumbi wa kumiminia ulikuwa mrefu, na katikati yake ulipita mfereji wa mbao uliotandikwa karatasi, mpana kama kitanda cha watu wazima. Kwenye kichwa cha mfereji alisimama mtu mfupi mwenye glavu, barakoa ikiwa shingoni. Wote walimwita Mpishi. Aliwapa barakoa, akawaambia wasimame mbali, na akainua mkono.

Mashine ikanguruma. Kichwa cha bomba kikaanza kwenda na kurudi, kikimwaga kitu chepesi kama uji wa mgonjwa. Mama Pole akakunja midomo. Ndicho hiki? Kitu hiki ndicho kinachowapa watu usingizi na kuwaletea mashitaka?

Halafu uji ukageuka rangi. Ukawa mweupe kama wingu, ukatetemeka, ukaanza kupanda. Haukuchemka, haukutoa sauti. Ulipanda tu, taratibu na bila haraka, kama kitu kilichoitwa na mtu aliye juu. Ukafika magotini. Ukafika kiunoni. Ukapita kifua cha Mama Pole, naye bila kujua akawa amerudi nyuma na kushika mkono wa Babu Geti, pingu na vyote. Vikombe vichache vya uji vilikuwa vimekuwa mlima mweupe unaojaza mfereji ukuta kwa ukuta, na mgongo wake ukavimba na kung'aa, kisha ukatoa pumzi moja ndefu kama mtu aliyetua mzigo, ukatulia.

Koplo alikuwa macho kabisa.

"Nimeuona maisha yangu yote," Babu Geti akanong'ona. "Bado kila siku navua kofia. Leo mikono imefungwa, niwie radhi."

"Mungu wangu," akasema Mama Pole. Uso wake ulihisi joto. Alidhani ni mshangao, akagusa shavu. Halikuwa mshangao. Joto lilikuwa linatoka kwenye mkate.

"Mpishi," akasema polepole, "nani kauwekea moto?"

"Hauwekewi, Afande. Unakuja nao." Mpishi akavua barakoa, akicheka kwa fahari. "Zile dawa mbili hazipatani. Zikikutana na maji zinagombana, na ugomvi wao ndio joto na ndio mapovu. Nje unapoa upesi, lakini moyo wake unabaki na hasira. Ndiyo maana tunaupumzisha peke yake mpaka kesho."

"Na hasira ikizidi?"

"Moyo unaungua kidogo. Unakuwa kahawia."

Mama Pole akamtazama Koplo, na Koplo akautazama mfuko wa sponji mkononi mwake kana kwamba umekohoa.

"Kitu gani kinauzidishia hasira?"

Mpishi akaacha kucheka. Akaanza kuzikunja glavu zake. "Maji," akasema. "Ukizidisha maji mkate unakuwa mkubwa zaidi kwa dawa ileile. Laini zaidi. Lakini na joto linapanda."

Kwenye mbao za mfereji Mama Pole alikuwa ameshaona kitu. Ukoko wa povu kavu ulikuwa umeganda ubaoni, mistari kwa mistari, kama mto unavyoacha alama ya mafuriko. Mstari wa chini ulikuwa mnene, wa miaka mingi. Juu yake palikuwa na wa pili, mwembamba, mpya. Na mkate wa leo ulikuwa umeufunika hata ule wa pili.

"Mwanangu, unazidisha maji?"

"Kidogo, Afande. Ukucha tu." Jasho likamtoka. "Mkate ukipanda vizuri watu wote wanasimama kunisifu. Na mtu akisifiwa... Lakini ni ukucha tu juu ya mstari, naapa! Ukucha mmoja hauwezi kupandisha mkate mpaka hapa. Hata mimi nimekuwa nikishangaa. Nikadhani mkono wangu umebarikiwa."

"Nionyeshe huo mstari."

Tangi la maji lilikuwa la plastiki nyeupe, limekaa kwenye stuli ya chuma nyuma ya mashine. Maji yalipimwa kwa mstari uliochorwa ubavuni mwake. Mama Pole akainama mpaka miwani ikagusa tangi. Mstari ulikuwa wa kijani.

"Nani kauchora?"

"Wa zamani ulikuwa mwekundu. Tulirudi kutoka likizo tukakuta umefutika, umechorwa huu mpya. Mimi najaza mpaka hapo, halafu ukucha wangu."

Mama Pole akalowesha kona ya leso, akasugua plastiki chini ya mstari ule. Akasugua kwa subira, kama anayemtoa mtoto matongo. Kiganja kizima chini ya mstari wa kijani, rangi nyekundu ikachungulia kwenye mikwaruzo, dhaifu kama kovu.

Akaitoa ile karatasi ya ruhusa kwenye mkoba, akaibandika kando ya mstari. Kijani na kijani.

"Nilipoolewa," akasema bila kumtazama mtu, "tulikuwa wake wenza wawili kwenye jiko moja. Mimi nilitia chumvi kwa siri ili mume asifu mchuzi wangu. Mwenzangu naye alikuwa ameshatia kwa siri. Kila mmoja aliapa katia kidogo, na kila mmoja alisema kweli. Mume ndiye aliyekunywa mtungi mzima wa maji."

Meneja alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye mlango. "Dawa zimepanda bei, Afande. Mwenye kiwanda anataka magodoro yaleyale. Ningefanya nini? Na hiyo ni rangi tu. Huwezi kusema rangi imechoma ghala."

"Sijasema. Nausubiri mkate wenyewe useme. Mpishi, mkate wa leo unapelekwa wapi?"

"Lile ghala limeungua, kwa hiyo tunaupeleka kwenye chumba cha nyuma ya cherehani. Wa alfajiri tumeshauweka huko."

"Mlimimina mwingine alfajiri? Kwa mstari huu?"

"Na ukucha wangu," akasema Mpishi, sauti imekauka.

Chumba kile kilitengwa na washonaji kwa ukuta wa mbao. Mashine zao zilisikika zikiimba upande wa pili, na vicheko vyao. Mkate wa alfajiri ulikuwa umekaa gizani, mweupe, mpole, hauna hatia kama bibi harusi. Mama Pole akauwekea kiganja. Ubavu ulikuwa baridi. Mpishi akachukua nondo nyembamba, akaisukuma mpaka moyoni, akaiacha. Walisimama wakisikiliza cherehani. Halafu akaichomoa na kuigusisha ncha kwenye kitambaa kibichi.

Ncha ikalia *tsss*, na kitambaa kikatoa mvuke.

"Hii imezidi," Mpishi akanong'ona. "Mama, hii imezidi sana."

Kabla Mama Pole hajafungua kinywa, Babu Geti alikuwa ameshafika kwenye mlango wa washonaji, pingu zikilia. "Nje! Acheni kila kitu, tokeni nje! Wewe binti, acha mkasi!"

"Baba? Nani kakuleta huku?"

"Polisi! Toka kwanza, utaniuliza nje!"

"Mkate ule una mteja!" Meneja akapiga kelele. "Mkiutoa ukachafuka nani atalipa?"

"Koplo," akasema Mama Pole, "wapigie zimamoto, waambie kuna na mwingine ukumbini. Kisha sukuma."

Koplo akapiga simu, akasukuma. Toroli lenye mkate likapiga kelele, likapita mlango mkubwa, likasimama katikati ya uwanja mtupu, mbali na kuta. Mama Pole akawapanga watu wote upande upepo unakotoka. Pale jua lilipiga, na lile donge kubwa likakaa limenyamaza.

Wakangoja. Washonaji wakaanza kuchekana. Mmoja akauliza kama wameletwa nje kuangalia godoro likiota jua. Meneja akatengeneza kola yake, rangi ikaanza kumrudia.

"Naona mmemaliza mchezo," akasema. "Turudi kazini."

Ndipo uzi wa moshi ukatoka mgongoni mwa mkate. Uzi mmoja, mwembamba, ulionyooka juu kama umefungwa mbinguni. Chini yake doa la kahawia likajitokeza na kutanuka, kama chai inavyonywewa na kitambaa cha meza. Sponji ikabonyea pale katikati, taratibu, kana kwamba mtu asiyeonekana ameukalia. Na kutoka kwenye bonde lile ua la moto likachanua, la manjano, bila kiberiti, bila mkono, mbele ya macho ya watu wote. Kisha mkate mzima ukashika, ukanguruma, na joto likawasukuma nyuma wote kwa pamoja.

Mtu akataja jina la Mungu. Mpishi alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wamelala juu ya kitu kile kila usiku wa maisha yao, na leo ndiyo kwanza wanauona uso wake.

"Moto ule haukupita mlangoni," akasema Mama Pole, kwa sauti ya chini, kwa sababu hata yeye alikuwa bado hajarudi kutoka kwenye mshangao. "Mlifunga ghala, nao ukazaliwa humo ndani."

Meneja akasema haraka, "Mimi sikuwasha moto! Mmeona wenyewe, hakuna aliyeuwasha!"

"Hapana, mwanangu. Wewe uliutandikia kitanda tu. Na moyo wa mikate ulipokuwa kahawia ukauona, ukanyamaza, ukamwacha mzee wa watu aende kufungwa kwa ajili ya mstari wako." Akamwendea, akamshika bega kwa upole kama mama anayemuaga mtoto wa bweni.

"Pole," akamwambia.

Wafanyakazi wakashusha pumzi kwa pamoja. Koplo alikuwa ameshazifungua pingu za Babu Geti, na hazikupata hata nafasi ya kupoa. Kisha Mama Pole akamgeukia Mpishi pale chini. "Na wewe, jiandae kuja kituoni ukaeleze ukucha wako. Pole yako nimeiweka. Itategemea utakavyosema kweli."

Binti alikuwa amemkumbatia baba yake, analia na kumgombeza kwa pumzi moja. "Kwa nini hukusema ulisinzia? Wangekuachia! Ungenifia jela kwa neno moja!"

Mzee alikuwa anasugua vifundo vya mikono na kuwatazama wafanyakazi wenzake, mmoja mmoja, kama mtu anayewadai deni na anaona haya kulisema. Mama Pole akaliona. Akapanda kwenye ngazi ya mlango mkubwa, akavaa miwani rasmi, akatoa ile sauti yake ya mahakamani ambayo mbwa huiitikia.

"Sikilizeni nyote! Ghala lilifungwa. Ufunguo ulikuwa kwake. Hakuna aliyeingia." Akanyamaza mpaka hata moto ukaonekana kusikiliza. "Na mzee huyu hakulala."

Babu Geti akavua kofia.

Nyuma yake, kule kibandani, kwenye kiti kilichovuliwa sponji zote, Koplo alikuwa ameshaanza kukoroma.